Mjadala: Je, Marekani ingali inahitaji wajumbe 538 wa kumchagua rais?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja nikiwa na msimamo tayari. Rais wa Marekani achaguliwe kwa kura za wananchi moja kwa moja, na utaratibu wa wajumbe wa majimbo ufutwe.

Kwa asiyefuatilia: Mmarekani akipiga kura ya urais, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake, nao ndio wanaomchagua rais mwezi Desemba. Idadi yao katika kila jimbo ni sawa na wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi ukijumlisha maseneta wawili. Mji mkuu, Washington, una wajumbe 3 tangu marekebisho ya 23 ya katiba, mwaka 1961. Jumla ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Isipokuwa Maine na Nebraska, kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote hata akiongoza kwa kura kiduchu.

Ndiyo maana mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa zaidi ya kura laki tano nchi nzima, akakosa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9, naye akakosa.

Tunaambiwa waasisi walikuwa wanayalinda majimbo madogo. Hapa naomba tukae kidogo. Kwenye mkutano wa Philadelphia wa 1787, ulioandika katiba ya Marekani, James Wilson wa Pennsylvania alitaka rais achaguliwe na wananchi. James Madison wa Virginia alikiri kwamba wananchi ndio wanaofaa zaidi kuchagua, ila akataja kikwazo: kusini ilikuwa na wapiga kura wachache kuliko kaskazini, kwa hiyo isingepata nguvu yoyote kwa ajili ya watumwa wake. Kwa viti vya bunge walishakubaliana kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Wajumbe wa urais walipofungamanishwa na hesabu hiyo hiyo, watu wasioruhusiwa hata kumiliki miili yao wakageuzwa nguvu ya uchaguzi mikononi mwa waliowamiliki. Katika marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia. Zilikuwepo sababu nyingine, kama ukubwa wa nchi na ugumu wa wananchi kuwajua wagombea wa mbali. Lakini anayesimulia asili ya utaratibu huu bila kuutaja utumwa anaficha nusu ya habari.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta mada, historia yako naikubali, hitimisho silikubali. Marekani ni shirikisho. Majimbo yaliingia kwenye muungano kwa masharti, na huwezi kuyafuta masharti hayo kwa sababu tu matokeo ya mwaka fulani yamekuuma. Hata sisi Kenya, tulipoandika katiba ya 2010, tuliona wingi wa kura peke yake hautoshi. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Lengo ni asitegemee ngome yake tu. Marekani nao wana njia yao ya kufika huko.

Halafu kuna suala la kuhesabu upya. Mwaka 2000 mgogoro ulibaki Florida. Kura zingekuwa za nchi nzima, wangefukua masanduku ya majimbo yote 50.

Mchangiaji, Houston

Nachangia kama mpiga kura wa huku. Texas ina wajumbe 40. Mwaka 2020 wapiga kura zaidi ya milioni 5 wa jimbo hili walimchagua Joe Biden. Hakupata mjumbe hata mmoja. California watu milioni 6 walimchagua Trump, naye akatoka mikono mitupu. Kwa hiyo tusilifanye jambo la chama kimoja. Wagombea wanahamia Pennsylvania, Michigan, Wisconsin na majimbo mengine machache yanayoshindaniwa, na ahadi zao zinakwenda huko huko. Wyoming, jimbo dogo kuliko yote kwa idadi ya watu, hakuna anayehangaika kuomba kura. Huo ulinzi wa majimbo madogo uko wapi?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mombasa, mfano wako unanisaidia mimi. Sharti la Kenya limewekwa *juu ya* wingi wa kura: mwenye kura chache hawezi kutangazwa mshindi, na asipopatikana wa kutimiza masharti, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura. Marekani wakichukua utaratibu huo, nitaunga mkono kesho asubuhi.

Kuhusu Florida, tofauti ilikuwa kura 537, na Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya kwa majaji 5 dhidi ya 4. Nchi nzima tofauti ilikuwa zaidi ya laki tano, na hapo hakuna ambaye angehitaji kufukua masanduku. Mgogoro ule ulizaliwa na utaratibu wenyewe.

Ugumu ninaouona ni wa kisheria. Kuibadili katiba kunahitaji theluthi mbili za kila baraza la Congress, yaani bunge la Marekani, kisha majimbo 38. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko haya kwa kura 338 dhidi ya 70. Mwaka uliofuata Seneti ikayazima kwa mjadala usiofungwa, mbinu ya kurefusha mazungumzo ili kura isipigwe. Sasa baadhi ya majimbo yamewekeana mkataba: yakifikisha wajumbe 270 kwa pamoja, yatampa wajumbe wao mshindi wa kura za nchi nzima. Ibara ya pili ya katiba inaliachia bunge la kila jimbo namna ya kuwateua wajumbe. Ibara ya kwanza nayo inakataza majimbo kuwekeana mikataba bila idhini ya Congress. Wanasheria mliomo humu, mkataba huu utasimama mahakamani?