Nimenunua sensa nne za oksijeni ndani ya miezi 11: mafundi wa Tanga, pimeni kabla ya kutuuzia

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Gari langu lina injini ya lita 2, liliagizwa kutoka Japani, na kwa miezi 11 iliyopita limekuwa likila sensa za oksijeni za mbele, yaani vile vifaa vya kwenye bomba la ekzosi vinavyopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kana kwamba ni plagi za bei rahisi. Ya kiwandani ilipokufa sikulalamika, kwa sababu ilikuwa imefanya kazi miaka mingi. Ninacholalamikia ni zile zilizofuata. Katika gereji mbili za hapa mjini, kila nilipofika mashine ya kusoma hitilafu ilichomekwa, namba ikatoka, na jibu likawa lile lile: "Kaka, sensa imekufa, tafuta nyingine." Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kinachoziua, na hakuna aliyeshika mita kupima chochote.

Mara ya kwanza namba ilikuwa P0135. Namba hiyo husema kwamba kuna kasoro katika mzunguko wa umeme wa hita ya sensa, yaani kile kipashio kidogo cha ndani kinachoipasha moto, na mzunguko huo una fyuzi, rilei, waya, soketi na kompyuta ya gari, pamoja na hita yenyewe. Kwa bahati sensa ilikuwa kweli imekufa, lakini niliyofungiwa badala yake haikuwa ya aina yake. Sensa ya kawaida, ile ambayo Bosch waliiingiza sokoni mwaka 1976, hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9 na huieleza kompyuta jambo moja tu, yaani kama petroli imezidi au hewa imezidi. Gari langu linatumia sensa ya masafa mapana, ambayo ndani yake mna seli ya kauri inayosukuma oksijeni, na mkondo wa miliampea chache unaotumika kuisukuma ndio unaoonyesha mchanganyiko uko mbali kiasi gani na ule wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Zote mbili zinaweza kuwa na waya nne, na ukiziweka mezani zinafanana kama mapacha. Muuzaji alinipa ya kawaida, fundi akakata waya, akazisokota na kuzifunga utepe mweusi, na taa ya injini ikarudi kabla sijafika Chumbageni. Hita ya aina ile ina ukinzani tofauti, kwa hiyo kompyuta ilikuwa na haki ya kuikataa. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba vifaa vya umeme havirudishwi. Na hata ingekuwa ya aina sahihi, waya hazikupaswa kusokotwa vile katika mji wa pwani ambako chumvi hula shaba, wala mkondo wa miliampea hauvumilii kiungo kilichoota kutu.

Ya pili ilikuwa sahihi, nami nikailipia shilingi 380,000. Ilidumu wiki saba. Safari hii namba ilikuwa P0133, maana yake sensa inaitikia polepole, lakini gereji ilitoa hukumu ile ile bila hata kuifungua. Ninaomba wenye magari msome sehemu hii kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Siku walipoifunga sensa hiyo, waliona kava la tapeti, lile la juu ya injini, linavuja oili, wakaniomba ruhusa ya kulishughulikia, nami nikakubali. Badala ya kununua gasketi mpya walipaka silikoni nyekundu ya kwenye tyubu, nyingi hadi ikachuruzika pembeni, na gari likawashwa muda huo huo. Nakumbuka ndani ya gari kulikuwa na harufu kali ya siki, nikauliza, nikaambiwa ni gundi inakauka. Kumbe mvuke wa silikoni ile huvutwa kutoka kwenye kava, hupitia bomba linalorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, huungua pamoja na petroli, na kubaki kama mchanga laini sana unaoziba vitundu vya sensa. Zipo tyubu zilizoandikwa kwamba hazidhuru sensa za oksijeni, na zinapatikana. Mtu anayeishi kwa kufungua injini anapaswa kulijua hilo.

Ya tatu iliuawa na maji. Bomba la ekzosi lilikuwa limetoboka, likakatwa na kuchomelewa jipya, na kitako cha sensa, yaani tundu inamofungwa, kikawekwa upande wa chini ili iwe rahisi kuifikia. Injini ikiwa baridi, mvuke wa maji huganda ndani ya bomba na kutiririka hadi mahali pa chini kabisa, na safari zangu nyingi ni fupi, hapa na Ngamiani, hivyo bomba halipati muda wa kukauka. Kauri inayopashwa hadi zaidi ya nyuzi 700 ikirukiwa na tone la maji hupasuka. Ndiyo maana maelekezo ya Bosch kwa sensa zao hutaka ifungwe ikiwa imeinuka angalau nyuzi 10 kutoka usawa wa ardhi. Nilipoitingisha sensa yangu sikioni, vipande vya kauri vililia ndani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi umeme wa Makorora. Alipima volti 12 kwenye soketi, akapima hita na kukuta imekatika, kisha akaomba nimletee na zile za zamani. Akaimulika ya pili kwa tochi, akanionyesha unga mweupe uliotanda kwenye ncha kama unga wa sembe uliomwagikiwa na maji, akauliza, "Mwanangu, nani alikupakia silikoni?" Upimaji wote ulichukua chini ya saa moja. Alisafisha kava na kuweka gasketi, akahamisha kitako cha sensa hadi upande wa juu, akarudisha soketi ya kiwandani badala ya waya za kusokota, na ndipo akaniruhusu ninunue ya nne.

Sasa ni mwezi wa tatu. Taa haijawaka tena, na gari ambalo lilikuwa limeshuka hadi kilomita 7 kwa lita limerudi kwenye 12. Stakabadhi ninazo zote, na sensa tatu zilizokufa nimezifunga kila moja kwenye mfuko wake. Jumatatu asubuhi nazipeleka kwenye gereji iliyopaka silikoni, nikidai walipe ile ya 380,000 pamoja na gharama ya ufundi. Aliyewahi kufanyiwa hivi hapa Tanga na ana stakabadhi zake, aeleze hapa chini ni sensa ngapi alizouziwa na kama kuna yeyote aliyempimia hita kabla ya kumtuma dukani.