Fundi wa TV kaniambia "zoea kwanza redio" mbele ya baba mkwe, leo hii hii

Baba Nasra:
Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka hata herufi sizioni vizuri.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa pale kwenye mashine ya kusaga, anayetembea na testa sikioni kama seremala na penseli. Kila nyumba ya mtaa huu kaingia, na kila nyumba kaacha kilio.

Baba mkwe wangu kafika jana kutoka Korogwe. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kulala kwangu. Kaja, na leo ni mechi ya watani, Simba na Yanga. Sebuleni nina TV ya inchi 43 niliyoidunduliza miezi saba. Nyuma ina matundu mawili tu ya HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha na sauti, na vyombo ninavyo vinne: king'amuzi, PS4 ya gemu ya kijana wangu, deki ya kuangalizia CD za harusi yetu, na laptopu ya mama Nasra. Kila mtu akitaka lake, lazima nisogeze kabati, nipenyeze mkono nyuma, nichomoe hiki nichomeke kile. Mkono umechubuka kama wa mvuvi wa pweza. Nikasema leo mgeni yupo, vyote vikae mahali pake, mtu abonyeze rimoti tu.

Nikamwita. Kataka 30,000 mkononi kabla hajaigusa TV. Kapanda na kandambili zake hadi kwenye zulia alilokalia mkwe.

Katoa begini kidude cheusi, upande huu tundu moja, upande ule mawili. Eti hii ndiyo spliter, inaunganisha dunia nzima. Kachomeka. King'amuzi kikaonyesha. PS4, giza. Deki, giza. Kakigeuza kidude, kakipuliza kama anawasha mkaa, kakigonga kwenye goti. Giza. Akatangaza TV ni mbovu. TV ya miezi minne!

Zimebaki dakika kumi mpira uanze, akang'oa vyote, akatoa ule waya wa AV wa rangi tatu, wenyewe umekatika, akaumenya kwa meno. Kwa meno, wakuu! Mate yanang'aa kwenye shaba. Akaunga kwa soltepu, akachomeka king'amuzi. Picha ikaja.

Nyeusi na nyeupe.

Mechi ya watani, nyeusi na nyeupe! Watu 22 wote rangi ya majivu, kama wametoka kuzima moto. Mkwe, mwana Yanga tangu kuzaliwa, kasogea mpaka pua inagusa kioo, ananiuliza, "Baba Nasra, wa kwetu ni wepi?" Nikamgeukia fundi, kwa adabu kabisa: fundi, mbona haina rangi? Yeye yuko chini anakunja waya WANGU wa HDMI, anautia begini KWAKE, wala hakuinua kichwa. Akasema: "Bosi, kama TV inakushinda, zoea kwanza redio."

Zoea kwanza redio. Kwangu. Mbele ya mkwe.

Na mkwe akatabasamu, akafungua mkoba wake, akatoa kiredio cha betri mbili, akaenda kukaa chini ya mwembe. Yuko huko mpaka sasa ninavyoandika.

Kibatari:
Nawahi siti ya mbele. Mama muuza karanga pita huku.

Bint Pangani:
Pole shemeji. Huyo huyo ndiye aliyefunga dishi la mama yangu likawa linatazama makaburini. Wiki nzima tunapokea taarifa za marehemu tu.

Mzee wa Tandika:
Mleta mada, 30,000 umetoa mwenyewe, fundi umemwita mwenyewe, dakika kumi kabla ya mechi. Sisi tufanyeje? Na kweli redio inasikika vizuri.

Baba Nasra:
Mzee wa Tandika, usinitibue. Nilimwita saa nne asubuhi, akaja saa tisa na nusu anatafuna muwa. Neno "zoea" ndilo linaloniuma. Mtu anayeambiwa zoea ni mtoto, au mgeni wa mjini. Mimi nina TV tangu ile ya chogo.

Waya Mwekundu:
Wakuu, mimi nafanya kazi hizi, naomba niseme kitu. Spliter inachukua chombo kimoja na kukigawa kwenda TV mbili, ndiyo maana ina tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea. Kule baa unaona king'amuzi kimoja na TV nne, hiyo ndiyo kazi yake. Mleta mada ana vyombo vinne na TV moja, kinyume kabisa. Alihitaji swichi ya HDMI: matundu ya kuingilia matatu au matano, la kutokea moja, ina kitufe au karimoti kadogo ka kuchagulia. Kwa nje vinafanana sana, asiyesoma maandishi ya IN na OUT atapuliza mpaka Krismasi.

Hiyo nyeusi na nyeupe nayo TV haina kosa. TV nyingi za sasa zimeunganisha kazi mbili kwenye tundu la kijani: waya wa njano wa AV unaingia hapo hapo, na ule wa kijani wa component, yaani picha iliyogawanywa kwenye nyaya tatu, unaingia hapo hapo. TV ikiwa imewekwa component halafu wewe umechomeka wa njano, inasoma mwanga tu, rangi haizioni. Bonyeza Source, chagua AV, rangi zinarudi. Sekunde tano.

Baba Nasra:
SEKUNDE TANO?

Sekunde tano, na mimi nimeambiwa nizoee redio?

Kibatari:
Hahahaaa kumbe rimoti ilikuwa mkononi muda wote!

Mwana wa Mnyama:
Mimi naona fundi kafanya hisani. Mwana Yanga kuangalia mechi ya watani kwa rangi ni kumuonea. Mwache mzee na kiredio chake, presha haitapanda.

Bint Pangani:
Mwana wa Mnyama, usilete ushabiki, huu ni uzi wa mafundi.

Mwana wa Mnyama:
Halafu kwenye nyeusi na nyeupe, njano inatoka nyeupe na nyekundu inatoka nyeusi. Mkwe angeuliza weupe ni wepi angewaona. Tatizo macho.

Baba Nasra:
Usimguse mkwe wangu. Jezi zao zina kijani pia, na kijani kilikuwa cheusi kama wenu. Kipindi kizima watu wa majivu wanakimbizana na mpira wa majivu. Na mwisho ndiyo lile neno. Analisema huku anakunja waya wangu. Waya wa mita tatu, ncha za dhahabu, nimeununua kwa hela yangu!

Mchumi wa Kitaa:
Ncha za dhahabu, hahaha. Mkuu, picha ya HDMI ni namba tu, ama inafika ama haifiki. Kwa mita tatu, wa dhahabu na wa kawaida picha ni ile ile. Ulipigwa dukani kabla hujapigwa na fundi.

Waya Mwekundu:
Hapo ni kweli, ila usichukue wa mita 15 wa bei ya chapati, umbali huo ndiyo picha inakatika-katika. Ila mleta mada, kwa vyombo vyako hata swichi kubwa huna haja. King'amuzi kipe tundu lake. La pili weka swichi ya matatu: PS4, laptopu, deki kama ina HDMI. Kama deki ni ya zamani, iache kwenye AV, CD za harusi zenyewe hazina ubora wa kuzidi hapo. PS4 ndiyo haina AV kabisa, nashangaa fundi alitaka kuiunga na nini. King'amuzi chako cha HD akakishusha kwenye waya wa njano, mistari ya picha 576 badala ya 1080, hiyo peke yake ni kosa hata kama rangi zingekuwepo.

Baba Nasra:
Alikuwa anatafuta tundu la njano kwenye PS4. Anaipapasa pembeni kama anapima homa. Mtoto akamwambia, "Anko, hakuna." Akamjibu, "Wewe kalale." Saa kumi jioni!

Mama Shani:
Afadhali yako umeona hata majivu. Mimi deki yangu ina AV tu, TV mpya ina HDMI tu. Nikaenda Kariakoo, nikamwambia kijana nataka cha kutoa AV kwenda HDMI. Akanipa kibokisi cheupe, matundu matatu ya rangi mbele na HDMI nyuma. Nyumbani, kimya. Nikarudi nauli mbili, kijana mwingine akasoma kwa juu: HDMI kwenda AV. Kinyume! Vimefanana kama mapacha wa tumbo moja, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kubadilisha wakakataa, eti kishafunguliwa. Kiko kabatini, nakiweka juu ya karatasi zisipeperuke.

Mzee wa Tandika:
Mama Shani uzi wako una mashiko kuliko wa huyu bwana.

Babu Kanzu:
Ninyi mnalia na nyaya, mimi nina kinyongo tangu tarehe 31 Desemba 2012, walipozima matangazo ya analojia, yale ya antena, hapa Dar. Nilikuwa na antena ya mfuniko wa sufuria juu ya bati, picha safi, silipi mtu. Leo bila king'amuzi TV ni kioo cha kuchania nywele. Kifurushi kikiisha usiku wa mechi, wajukuu wananiangalia mimi kama ndiye niliyekata.

Mchumi wa Kitaa:
Babu umenena. Ongeza na sabufa. Yangu fundi aliifunga kwenye king'amuzi, mtoto akicheza gemu sauti hakuna, nikiweka deki sauti hakuna. Miaka miwili nimeamini sabufa ni mbovu.

Waya Mwekundu:
Sabufa inatoka kwenye TV, mkuu, siyo kwenye king'amuzi. Chukua sauti kwenye tundu la hedifoni, au kwenye HDMI iliyoandikwa ARC, ile inayotoa sauti ya TV kwenda nje, kama sabufa nayo inayo. Chochote kitakachokuwa kwenye kioo kitasikika.

Mchumi wa Kitaa:
Miaka miwili!

Bakari wa Kisauni:
Poleni ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Kwangu radi ilipiga wakati wa masika, ikashuka na waya wa dishi, ikapita king'amuzi, ikaingia HDMI, ikachoma tundu la TV. Soketi nilikuwa nimeichomoa! Hakuna aliyeniambia waya wa dishi nao huchomolewa. Fundi wa huku akanitaka pesa karibu na bei ya TV nyingine.

Baba Nasra:
Wakuu, mrejesho. Nimebonyeza Source. Nikachagua AV. Rangi zimekuja. Nyasi kijani, jezi zote zinaonekana, dakika ya themanini na kitu. Nikatoka mbio mpaka mwembeni: baba, njoo, rangi zimerudi! Mkwe ana redio sikioni, akanipungia mkono kwamba nisimpotezee, akasema, "Huku anatangaza vizuri, mwanangu. Kaa."

Nimekaa. Naandikia hapo hapo mwembeni. Lakini yule mtu kesho asubuhi namfuata kwenye mashine ya kusaga, waya wangu ataurudisha, na lile neno atalirudisha.

Kibatari:
Kwa hiyo umezoea redio?

Mama Shani:
Jamani kuna mwenye fundi cherehani mwaminifu Mbagala? Wangu nimempa kitenge cha sare tangu Mfungo Mosi, harusi Jumamosi, leo nimemkuta binti yake kakivaa.

Bint Pangani:
Yule wa karibu na kituo cha daladala? Usiniambie ni yule! Mimi kanishonea mikono miwili yote ya kulia!

Babu Kanzu:
Huyo huyo. Kanzu yangu imeishia magotini.

Mama Shani:
Fungueni uzi wake, nakuja na picha.