Binti wa miaka 11 anataka kushindana tenisi, tuanzie wapi? (Tanga)

Mjomba_Raskazone
Wakuu, shikamooni wakubwa. Binti wa dada yangu ana miaka 11, anacheza siku nne kwa wiki na sasa haongei kingine ila mashindano. Raketi ni ya kaka yake, inchi 27, mipira ya njano ya kawaida. Fohendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) iko sawa, ila sevu ya pili, ile ya kuanzisha pointi baada ya ya kwanza kukosa, haiingii na kiwiko kimeanza kumuuma. Nianze na lipi?

Fundi_Nyuzi
Kiwiko kwanza. Apumzike hadi maumivu yaishe; yasipoisha, daktari. Raketi ndefu yenye nyuzi ngumu za polyesta humchosha mtoto: mpira ukigonga pembeni, mtikisiko wote unapanda mkononi. Mpe inchi 26, nyuzi za nailoni zilizokazwa kwa pauni 45 hivi. Akishika, kidole cha shahada cha mkono wake mwingine kienee kati ya ncha za vidole na kiganja. Kisipoenea, mpini ni mwembamba, ataubana mno. Na kwa jasho la huku pwani, badilisha gripu ya juu (utepe unaozungushwa kwenye mpini) ikianza kung'aa. Ikiteleza anabana zaidi, na kiwiko kinarudi palepale.

Chumbageni_Tenisi
Mipira nayo. Tafuta yenye doa la kijani, iko polepole kwa karibu asilimia 25 na hairuki juu ya bega lake. Kuijua kama imechoka: iangushe toka mita 2.54 kwenye zege. Wa kijani udunde sm 120 hadi 135, wa njano 135 hadi 147. Ukidunda chini ya hapo, ni wa kuchezea mbwa.

Sevu ya pili: nadhani anashika kama anayegeuza chapati, kiganja kikitazama mbele. Ashike kama panga la kufyekea. Kosa kubwa la watoto ni kupunguza kasi ya mkono kwa woga. Mpira unaishia kwenye neti. Mkono uende kasi ileile, raketi ikwangue mpira toka chini kwenda juu ili uzunguke na kushuka ndani. Kabla ya hapo, arushe tu bila kupiga: mpira uangukie mbele kidogo ya mguu wa mbele. Ukiangukia nyuma ya kichwa, usihangaike na mengine. Kisha sevu za pili 20 kila siku, hesabu zinazoingia. Nguvu aongeze zikifika 14.

Mjomba_Raskazone
Ahsanteni sana. Na mashindano yenyewe?

Chumbageni_Tenisi
Yale ya vijana ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) huanzia miaka 13, kwa hiyo muda anao. Acheze seti za kuhesabu pointi kila wiki, na wasichana tofauti. Afundishwe kuita mistari: bila mwamuzi, kila mmoja anaita upande wake, na mpira wenye shaka ni ndani. Wengi hujifunza hili siku ya mechi, kwa machozi.

Fundi_Nyuzi
Na pimeni neti, viwanja vingi imelegea. Katikati ni sm 91.4: simamisha raketi ya inchi 27, juu yake laza kichwa cha nyingine kwa upana. Inakaribia hapo hapo. Hiyo ya kaka yake itafaa kwa kazi hii.