Naomba ushauri: mama katufungia mlango na mabati tumeshanunua

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanaume parokiani. Huwa tunakwenda wawili wawili kutembelea wahitaji, mtindo wa Wavinsenti, chama alichoanzisha Frédéric Ozanam na wenzake Paris mwaka 1833.

Kuna mama mjane, paa lake linavuja, kakinga sufuria tatu sakafuni. Tulipofika na mabati, mwenzetu akatoa simu apige picha "za ripoti". Mama akafunga mlango kimyakimya. Hata mimi ningefunga.

Mabati yako stoo na mvua ndiyo hizo. Nimtangulize mke wangu, au niende mwenyewe nikamwombe radhi? Na waliochanga wakidai picha, niwajibuje?