Mrejesho: wajawazito kutozwa hela zahanati, huku mwambao wa Kigoma

Wakuu, niliuliza tufanyeje, maana zahanati ya kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika wajawazito walikuwa wanaambiwa waje na glovu, pamba na hela ya sindano, wakati Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma za uzazi ni bure.

Mlionishauri tuanze na kamati ya usimamizi ya kituo, asanteni sana. Kumbe wajumbe wapo, ila wananchi hatukuwajua. Mwenyekiti wa kijiji akaweka ajenda kwenye mkutano mkuu, akina mama wakasimama kueleza wenyewe. Mmoja alisema alijifungulia nyumbani kwa kuona aibu kwenda mikono mitupu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Sasa tangazo la huduma za bure limebandikwa mlangoni, na kutozwa hela kumekoma. Glovu bado zinaisha kabla mgao mwingine haujafika.

Lililobaki ni usafiri wa dharura: tunategemea boti ya kukodi, na ziwa likichafuka hakuna anayeondoka. Tunalipeleka kwa diwani. Aliyewahi kudai boti ya wagonjwa halmashauri anieleze walianzia wapi.