Laini ya Ujerumani kwenye meli ya utalii

Wakuu, meli inatoka Barcelona kuelekea Marseille na Napoli. Bando langu la Ulaya litashika baharini?

— Bandarini litashika, baharini hapana. Mbali na pwani simu hudaka mtandao wa meli unaopitia setilaiti, nao haumo kwenye bando. Kampuni za simu za Umoja wa Ulaya (EU) hukata huduma gharama ikifika yuro 50, lakini usingoje huko! Kabla ya kung'oa nanga weka hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi pekee.

— Kifurushi cha Wi-Fi nunua mtandaoni kabla ya kupanda, mara nyingi ni nafuu. Cha kifaa kimoja kwa kawaida unaweza kukihamishia kifaa kingine, ila toka kwanza kwenye akaunti kwenye kile cha awali.

— Mkuu, SMS za benki huenda zisiingie ukiwa hali ya ndegeni. Thibitisha malipo kwa programu ya benki, uiweke ungali nchi kavu.