Radi ikianza kunguruma, mechi iendelee au ivunjwe?

Mratibu_Wadi: Ndugu wanamichezo, ninaratibu ligi ya wadi hapa Kisii, ambako mvua ya alasiri aghalabu huja na radi. Jumamosi iliyopita refa alisimamisha mchezo dakika ya 70. Waliokuwa wakiongoza walidai matokeo yabaki, wapinzani wakataka mechi irudiwe, nao mashabiki wakamtukana refa kwamba anaogopa kulowa. Je, alikosea? Na mechi hiyo tuiamue vipi?

Refa_Mstaafu: Hakukosea. Mvua peke yake si sababu ya kuvunja mchezo: refa huudondosha mpira na kuuviringisha sehemu mbalimbali za uwanja, na mpaka aone haudundi au unakwama kwenye madimbwi, watu wacheze. Radi ni jambo jingine. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mwanga, radi imepiga umbali usiozidi kilomita 10 hivi, na wote wanapaswa kuondoka uwanjani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuchelewa ni hatari. Huko Chilca, Peru, Novemba 2024, mchezo ulikuwa umekwisha kusimamishwa na wachezaji wanatoka, radi ikampiga mmoja wao akafa.

Beki_wa_Zamani: Nakubali, ila kanuni hiyo imetungwa na wenye taa. Katika Kombe la Dunia la Klabu la 2025, Benfica na Chelsea walisubiri karibu saa mbili huko Charlotte zikiwa zimesalia dakika chache tu. Benfica wakarejea, wakasawazisha kwa penalti, kisha wakalala 4-1 katika muda wa ziada. Sisi tukianza saa kumi tukasubiri hivyo, giza litatukuta uwanjani. Tena, timu inayofungwa huliona wingu kabla ya refa.

Mwalimu_wa_Michezo: Ndiyo maana mechi zetu za shule tumezihamishia saa tatu asubuhi msimu wa mvua, kwa kuwa huku mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri. Kinachonisumbua zaidi ni mahali watu wanapokimbilia. Viwanja vyetu vingi vimezungukwa na mikaratusi, na refa akipuliza kipenga tu, wachezaji na watoto wote hujibanza chini yake, mahali pabaya kuliko hata pale walipotoka. Wapelekwe darasani au ndani ya matatu iliyofungwa madirisha. Kuhusu mechi yenyewe, sheria ya 7 ya soka inasema mchezo uliovunjwa hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandalizi waamue vinginevyo. Kama kanuni zenu hazikusema lolote, irudieni, kisha kabla ya raundi ijayo andikeni ni dakika ya ngapi matokeo yatahesabiwa, manahodha wote watie sahihi.